Umerudisha gari la kukodi, kisha unadaiwa uharibifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia karibu kwa maneno yale yale kutoka kwa watu waliokodi gari, wakalirudisha, kisha wakaletewa ankara ya mkwaruzo wasioujua. Majibu yote yanazunguka mambo matatu: uharibifu ulitokea lini, kuutengeneza kunagharimu kiasi gani kwa kweli, na mkataba unaruhusu kudai nini. Ankara mbovu karibu kila mara hulegea mahali pamoja kati ya hapo.

## Kulielewa deni lenyewe

1. Nimekatwa fedha kwenye kadi siku kadhaa baada ya kurudisha gari. Wanaruhusiwa?

Mikataba mingi ya kukodi ina kipengele kinachoiruhusu kampuni kukata kadi kwa madeni yanayojitokeza baadaye: faini za barabarani, mafuta pungufu, uharibifu. Lakini ruhusa ya kukata haithibitishi kwamba deni ni halali. Anayesema uliharibu gari lake ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba uharibifu haukuwepo ulipolichukua na ulikuwepo ulipolirudisha. Kuwa na namba ya kadi yako kunamrahisishia kuchukua fedha, hakumwondolei kazi hiyo.

Kwa hiyo usianze kwa kujieleza. Anza kwa kuuliza (tazama swali la 5).

2. Kuna tofauti gani kati ya amana iliyozuiwa na fedha zilizokatwa?

Amana inayozuiwa siku ya kuchukua gari haijatoka kwenye akaunti. Benki imeifungia tu isitumike, na kampuni ikiiachia hurudi, ingawa huweza kuchukua siku kadhaa. Kwa kadi ya debiti inauma zaidi, kwa sababu zinazofungiwa ni fedha zako na si mkopo wa benki.

Tazama taarifa ya akaunti: muamala unasubiri au umekamilika? Unaosubiri kwa kawaida benki haitaufungulia malalamiko. Uliokamilika ndio unaopingwa.

3. Nililipia CDW. Mbona bado nadaiwa?

Kwa sababu CDW, licha ya watu kuiita bima, kwa kawaida ni ahadi ya kampuni kwamba gari likigongwa haitakudai gharama zote. Inakuachia kiwango unachochangia mwenyewe, na uharibifu wowote wa chini ya kiwango hicho unatoka mfukoni mwako wote. Mikwaruzo na mibonyeo midogo huangukia hapo hapo. Ukiona ankara imekaribia sana kiwango hicho au imelingana nacho kabisa, uliza kwa makini imepigiwaje hesabu.

Pia kuna sehemu ambazo mara nyingi huachwa nje: matairi, vioo, rimu, paa, upande wa chini wa gari, funguo zilizopotea na kujaza mafuta yasiyo yake. Na kuna mambo yanayoifuta kinga yote: dereva ambaye hakuandikwa kwenye mkataba, ulevi, kupita njia zilizokatazwa, au kutoripoti ajali polisi pale mkataba unapotaka hivyo. Wakikuambia "hilo halimo," waombe wataje namba ya kipengele. Kisome mwenyewe, maana wa kaunta mara nyingi hujibu kwa mazoea.

4. Uchakavu wa kawaida unaishia wapi na uharibifu unaanzia wapi?

Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Kampuni nyingi zina mwongozo wao unaosema mkwaruzo wa urefu gani au kibonyeo cha upana gani hakitozwi. Omba mwongozo huo, na omba uliokuwa ukitumika siku ulipokodi. Alama za kucha nyuma ya kitasa cha mlango, vidoa vya changarawe kwenye boneti na michubuko juu ya bampa ya nyuma wanapopitishia mizigo ni vitu vya gari linalotumika kila siku. Rimu iliyolika ukingoni ni kesi ngumu zaidi, maana kampuni nyingi huihesabu kuwa uharibifu.

## Ushahidi

5. Ujumbe wa kwanza niandike nini?

Mfupi, kwa barua pepe, bila hasira na bila hadithi. Mfano:

"Nimepata ankara yenu kuhusu gari lenye namba hii, mkataba namba hii. Sikubali deni hili. Naomba fomu ya ukaguzi wa kuchukua na ya kurudisha, picha halisi zenye tarehe na saa, ankara ya gereji, na kipengele cha mkataba mnachokitegemea. Hadi nitakapovipata, deni hili lina mgogoro na sijatoa ridhaa ya kulilipa. Kama mmeshakata, naomba fedha zirudishwe wakati jambo hili likichunguzwa."

Basi. Kosa la kawaida ni kujaza maelezo: "huenda ni jiwe," "labda kuna mtu aliligusa pale maegesho." Wewe unakisia tu kwa nia njema, lakini kwenye faili lao inasomeka kama kukiri kwamba lilitokea ukiwa na gari. Wakikupigia simu, sikiliza, kisha siku hiyo hiyo waandikie: "Katika mazungumzo ya leo mmeniambia hivi na hivi."

6. Niombe nyaraka zipi hasa?

Ukiacha zilizomo kwenye mfano hapo juu, zinazofaa sana ni zile ambazo watu husahau: fomu ya kurudisha ya mteja aliyekutangulia, na taarifa kama gari limekodishwa tena baada yako kabla ya kutengenezwa. Kama lilitoka siku ya pili na mkwaruzo ule ule, hoja ya kwamba lililala gereji imekufa (tazama swali la 13), na kuna hatari mkwaruzo mmoja ukatozwa wateja wawili.

Sisitiza ankara ya kazi iliyofanyika. Makadirio ni karatasi ya kusema kazi ingegharimu kiasi gani. Zipo sheria na mikataba inayoruhusu kudai kwa makadirio, lakini ni lazima wakuonyeshe wameyapataje.

7. Sikupiga picha siku ya kuchukua gari. Nimekwisha?

Hapana. Umepoteza silaha nzuri, lakini mzigo wa kuthibitisha bado ni wao. Tafuta vilivyopo: picha za safari ambazo gari limeonekana nyuma yenu, video uliyomtumia ndugu, risiti ya kuosha gari, tiketi ya maegesho yenye saa. Fomu ya kuchukua nayo isome upya. Zipo fomu zenye mchoro wa gari usio na alama hata moja, wakati gari lenyewe limeshatembea makumi ya maelfu ya kilomita. Gari la kukodi la umri huo lisilo na hata mkwaruzo mmoja ni jambo la kutiliwa shaka, na fomu ya namna hiyo inaonyesha kwamba hapakuwa na ukaguzi.

8. Wamenitumia picha. Nizisomeje?

Hapa ndipo madai mengi huanguka, kwa hiyo chukua muda, fungua picha kwenye kioo kikubwa, na usiishie kutazama mkwaruzo peke yake.

Kwanza, je, ni gari lako? Picha ya karibu ya sentimita chache za rangi nyeupe inaweza kuwa ya gari lolote jeupe. Lazima kuwe na picha inayounganisha uharibifu na namba za usajili, au angalau mfululizo unaoanzia mbali ukisogea karibu.

Pili, ni ya lini? Faili halisi la picha hubeba ndani yake tarehe, saa, na mara nyingine mahali. Picha iliyobandikwa kwenye PDF imeshapoteza hayo. Kama imepigwa siku tatu baada ya wewe kukabidhi funguo, uliza gari lilikuwa wapi siku hizo tatu na nani aliliendesha. Magari hayo huhamishwa, huoshwa na kuegeshwa kwa kubanana na watu wasiokujua.

Tatu, mkwaruzo wenyewe una umri gani? Bodi la chuma likichubuka hadi kwenye bati huanza kuota kutu ya rangi ya chungwa ndani ya siku chache, upesi zaidi penye unyevu. Ulikuwa na gari kwa siku mbili, na picha ya saa uliyolirudisha inaonyesha kutu imekolea na kusambaa chini ya kingo za rangi: hiyo si kazi yako. Bampa huwa ya plastiki na haioti kutu, kwa hiyo pale tazama uchafu. Mkwaruzo mpya una kingo kali na vumbi jepesi la rangi. Wa zamani umejaa weusi ambao hata kuosha hakuutoi, na kingo zake zimelainika. Hoja hii hupungua nguvu kama ulikaa na gari wiki kadhaa, usiilazimishe.

Nne, je, ni mkwaruzo kweli? Taa ndefu za dari kwenye maegesho ya chini ya jengo hujichora kwenye mlango kama mistari mieupe. Mwonekano wa tawi la mti hufanya vivyo hivyo. Omba picha ya pili kutoka pembe nyingine: mwako wa taa huhama, mkwaruzo hauhami.

9. Picha zangu niwatumie vipi?

Tuma faili halisi kwa barua pepe au kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni. Usitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp na kuishia hapo, maana hupunguzwa ubora na kuondolewa taarifa za ndani zinazoonyesha ilipigwa lini. Nakala za awali usizifute hata baada ya kurudishiwa fedha, na usizihariri, hata kuongeza mwanga. Ukitaka kuweka mshale, uweke kwenye nakala.

10. Wanasema uharibifu umeonwa na skana, si mtu. Nabishanaje na mashine?

Vivyo hivyo. Skana hizi ni lango lenye kamera nyingi linalopiga gari pande zote, na programu hulinganisha picha za kutoka na za kurudi. Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2025 kuanza kutumia zile zinazotengenezwa na kampuni ya UVeye kwenye viwanja vya ndege vya Marekani. Uzuri wake ni kwamba lazima kuwe na seti mbili za picha. Omba zote mbili. Kama ya kutoka haipo, au gari lilitoka likiwa limelowa na lina matope, ulinganisho hauna msingi. Uliza pia kama kuna mtu aliyelikagua gari kwa macho baada ya mashine kutoa taarifa. Skana huona hata kibonyeo ambacho jicho la mkaguzi lingepita, na hapo unarudi kwenye mwongozo wa uchakavu (swali la 4): kuonekana ni jambo moja, kustahili kutozwa ni jingine.

## Kiasi wanachodai

11. Uharibifu ni wangu, lakini bei ni ya kutisha. Naweza kupinga kiasi tu?

Ndiyo, na mara nyingi hii ndiyo hoja yenye mafanikio zaidi. Linganisha kazi na tatizo. Kibonyeo ambacho hakijavunja rangi mara nyingi fundi hukisukuma kutoka ndani bila kupaka rangi, kwa sehemu ndogo ya gharama ya kunyoosha bodi na kupiga rangi mlango mzima. Jiwe likipiga kioo cha mbele likaacha kidonda kidogo kilicho mbali na ukingo, na mbali pia na sehemu iliyo mbele ya macho ya dereva, hujazwa gundi maalumu. Bampa iliyochubuka hupakwa rangi, haibadilishwi. Wapelekee picha zao mafundi wawili, uombe makadirio ya maandishi, uyaambatanishe.

Kwa haki, magari mapya yameongeza gharama ambazo si za uongo. Kioo cha mbele kinachobeba kamera ya kusaidia dereva kikibadilishwa, kamera hiyo lazima ipangwe upya. Bampa nayo huwa na vihisi. Ukikuta mstari huo kwenye ankara, uliza kama gari lile lina kifaa hicho, na kama lina, acha.

12. Wananitoza tairi jipya kwa tairi lililokuwa limechakaa.

Hawapaswi kutajirika kwa tairi lako. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha kashata cha takriban milimita 8, na kiwango cha chini kisheria katika Umoja wa Ulaya na Uingereza ni milimita 1.6. Sehemu inayotumika ni kama milimita 6.4. Tairi lililobaki na milimita 4 lina milimita 2.4 za matumizi, yaani zaidi kidogo ya theluthi. Hiyo theluthi na kitu ndiyo thamani iliyopotea, pamoja na kazi ya kufunga. Uliza kina kilichopimwa. Wasipokuwa nacho, pendekeza nusu, uone watajibu nini.

13. "Siku ambazo gari halikufanya kazi" na "ada ya usimamizi" ni nini?

Ya kwanza ni fidia ya mapato waliyokosa gari likiwa gereji. Ina maana pale tu gari lilipokuwa gereji kweli, na pale ambapo lingekodishwa. Kampuni yenye magari kumi yanayosubiri wateja haikupoteza mteja. Omba tarehe za kuingia na kutoka gereji na kumbukumbu za magari yaliyokuwa wazi siku hizo. Kupaka bampa rangi ni kazi ya saa kadhaa. Wiki moja ya fidia inahitaji maelezo.

Ada ya usimamizi ni malipo ya karatasi zao. Tafuta kama imetajwa kwenye mkataba kwa kiasi. Deni kuu likifutwa, nayo ifutwe. Mara nyingine huachwa nyuma kimyakimya, watu wakafurahi na kusahau.

## Benki, bima na wasuluhishi

14. Lini niende benki?

Baada ya kuwaandikia kampuni, na kabla muda haujakwisha. Mitandao ya Visa na Mastercard ina utaratibu wa kurudisha muamala uliopingwa, na dirisha lake mara nyingi ni siku 120, ingawa benki yako inaweza kukutaka mapema zaidi. Kwa kadi ya mkopo nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 kuhusu ankara za mikopo inakupa siku 60 tangu kutumwa kwa taarifa ya kwanza yenye kosa, na lazima iwe kwa maandishi.

Benki haitaamua kama mkwaruzo ni wako. Inaangalia kama muamala uliidhinishwa na kama nyaraka zipo. Mwambie afisa kwa ufupi: kiasi hiki sikukiridhia, niliomba ushahidi tarehe hii, sikupewa. Ambatanisha barua pepe. Ujue pia kwamba ukishinda benki deni halifi. Kampuni bado inaweza kukudai kwa njia nyingine.

15. Nina bima ya kando inayolipa kile kiwango ninachochangia. Nipinge au nidai bima?

Kama muda umebana, dai bima. Bima hizi kwa kawaida hukurudishia baada ya wewe kulipa, na zinataka mkataba, ripoti ya uharibifu, ankara na uthibitisho wa malipo, yaani nyaraka zile zile za swali la 6. Ada ya usimamizi mara nyingi hailipwi. Unaweza kuendelea kupinga huku dai la bima likishughulikiwa, ila kampuni ikirudisha fedha wajulishe bima. Kulipwa mara mbili kwa jambo moja ni kosa.

16. Nje ya kampuni na benki, nani anasaidia?

Inategemea ulikodi wapi. Ukiwa mkazi wa Umoja wa Ulaya, Norway au Iceland na ukakodi katika nchi nyingine kati ya hizo, mtandao wa vituo vya walaji wa ECC-Net hukusaidia bure. Uingereza, chama cha kampuni za kukodisha magari, BVRLA, kina huduma ya usuluhishi kwa kampuni wanachama. Ushauri wa zamani unaokuelekeza kwenye jukwaa la Umoja wa Ulaya la kutatua migogoro mtandaoni uupuuze: lilifungwa 20 Julai 2025.

Kuna jambo la kuwakumbusha baadhi ya kampuni. Mwaka 2015 Avis-Budget, Enterprise, Europcar, Hertz na Sixt zilitoa ahadi kwa Tume ya Ulaya na mamlaka za walaji kwamba mteja atapewa sababu na ushahidi wa uharibifu na nafasi ya kupinga kabla fedha hazijakatwa. Ukitaja hilo kwa ukodishaji wa Ulaya, barua yako huacha kusomwa kijuujuu.

Kwingineko, tafuta mamlaka ya kulinda walaji au mahakama ya madai madogo.

17. Nilikodi kupitia wakala wa mtandaoni. Nimlalamikie nani?

Kampuni iliyokupa gari ndiyo uliyosaini nayo, nayo ndiyo iliyokata kadi. Mwandikie wakala nakala, hasa kama kinga uliinunua kwake.

## Hali zisizo za kawaida

18. Nilisaini fomu ya uharibifu pale kaunta. Bado ninaweza kupinga?

Unaweza, ila itakuwa kazi. Tofautisha kusaini kwamba umepokea karatasi na kusaini kwamba umekubali kosa. Kama fomu ilikuwa kwa lugha usiyoijua au uliambiwa "ni kawaida tu, weka sahihi," liandike hilo mapema na mtaje aliyekuhudumia kwa cheo chake. Anayesoma haya kabla hajasaini: andika juu ya sahihi "nimepokea, sikubaliani," kisha ipige picha.

19. Nilirudisha usiku, nikadumbukiza funguo kwenye sanduku.

Mikataba mingi inasema gari liko mikononi mwako hadi litakapokaguliwa, hata kama ofisi imefungwa. Ni kipengele kigumu, na ushahidi wa saa ile ndio mkombozi: video moja isiyokatika inayozunguka gari, ikaonyesha dashibodi yenye kilomita na geji ya mafuta, maegesho yenyewe, na mkono wako ukiachia funguo. Tumia tochi ya simu kwa ubavu, si moja kwa moja, mibonyeo ionekane au ionekane haipo. Ukaguzi wao ukifanyika saa nyingi baadaye, pengo hilo ni lao kulieleza.

20. Wanatishia kunipeleka kwa wakusanya madeni na kuniweka kwenye orodha ya wasiokodishwa.

Mkusanya madeni mwandikie mara moja kwamba deni linapingwa, umtumie barua pepe zote, na umwombe alirudishe kwa aliyemtuma. Ukikaa kimya atakudhania umekubali. Kuhusu orodha, kampuni inaweza kukataa kukukodishia tena, na wakati mwingine kampuni dada zinazomilikiwa na mmiliki mmoja hushirikiana taarifa. Kama unaitegemea kampuni hiyo kwa safari za kazi, lipime hilo dhidi ya ukubwa wa deni kabla hujaenda benki kupinga muamala.

21. Ankara imekuja miezi mingi baadaye.

Kuchelewa peke yake hakufuti deni, lakini kunadhoofisha ushahidi. Gari limeshakodishwa na wengine wengi tangu hapo. Omba kumbukumbu zote za ukaguzi kati ya siku yako na siku ya kutengeneza, na uulize kwa nini hukuarifiwa wakati bado ungeweza kwenda kuliona gari. Wakishindwa kutoa hata fomu moja ya katikati, jibu kwa mstari mmoja kwamba hulipi, na uihifadhi barua pepe hiyo pamoja na picha zako.